Bega la Kulia la Mashoto

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba tanuri halijala nyusi zako tena. Mimi sijambo. Mwenzangu wa chumba, yule fundi lipu niliyekuandikia habari zake, anayesugua ukuta mpaka unateleza kama sahani, naye hajambo na anakusalimu, ingawa hajawahi kukuona. Anasema mtu anayetuma mkate kwa basi na ukafika laini anastahili salamu.

Sijakupigia simu kwa sababu unajua simu zetu zinavyokwenda. Mara ya mwisho nilikuambia nimehama nyumba, ukanijibu kwamba mayai yameisha. Hiyo mashine yako ya kukandia unga imekula masikio yako, basi tuendelee kuandikiana.

Nina habari njema. Stesheni ya treni inakarabatiwa, na nimepewa dari ya ukumbi wa abiria. Si kupaka tu, Mjomba, ni kuongoza. Nina mafundi wanne chini yangu, wawili wamenizidi umri, na mmoja ananiita "bosi" kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge kichungu. Dari yenyewe iko juu kiasi kwamba ukiwa kwenye jukwaa watu wa chini wanafanana na vifuniko vya chupa. Imechongwa maua pembezoni, na kila ua lina vumbi la tangu lilipochongwa.

Bega linanisumbua kidogo. Ni kunyoosha mkono juu kutwa. Usianze kuhangaika, nimelitaja tu kwa sababu ulisema nikuandikie kila kitu.

Mpwa wako,
Mashoto


Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu Mashoto,

Marahaba, mama. Nyusi zipo, moja nzima na moja inaota.

Barua yako niliisoma nimesimama dukani, na nilipofika kwenye neno "kuongoza" niliwasomea wateja. Walipiga makofi. Mmoja alisahau chenji yake kwa furaha, nami sikumkumbusha mpaka alipofika mlangoni. Ningependa mama yako angekuwepo asikie. Dada yangu alikuwa anasema wewe utakuwa hakimu kwa sababu ya ubishi. Nitamwambia, kokote aliko, kwamba kusimamia mafundi wanne ni uhakimu pia.

Hapa mambo ni yale yale. Mvua imeingia stoo, nimehamisha magunia. Chumba cha jirani kimepata mpangaji, mwanamke mtu mzima, mstaafu. Ni mtu wa kimya. Hanihusu.

Nimeweka dawa ya kuchua kwenye kifurushi. Chua kwa kiganja, si kwa vidole. Halafu, mtu mmoja aliyekuwa dukani nilipokuwa nasoma ameuliza bega lenyewe ni lipi. Nikamwambia sijui, bega ni bega. Akasema hapana, niulize. Basi nauliza.

Mjomba wako


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, kazi imetubana. Sote wazima. Dawa imefika na sasa chumba kizima kinanuka kama kambi ya wanamichezo, mwenzangu analala na dirisha wazi.

Ni la kulia. Kwa nini?

Mashoto


Tarehe 15 Aprili

Mashoto,

Marahaba. Barua yako fupi kama mkia wa mbuzi. Mtu akiniandikia mistari mitatu baada ya majuma mengi, najua kuna mstari wa nne ameuficha.

Sasa nisikilize. Nilimjibu yule mtu kwamba ni la kulia. Akaniuliza, "Na huyu mpwa wako anapaka rangi kwa mkono gani?" Mwanangu, niliganda na mkate mkononi. Nimekulea mimi. Nimekufundisha kushika kijiko, ukakishika kwa kushoto. Walimu walikulazimisha kulia, ukawashinda. Mtaa mzima unakuita Mashoto, mpaka wengine hawajui kama una jina. Mkono wa kulia kwako ni wa kushikia ngazi. Basi bega la kulia linachoshwa na nini?

Kuna maswali mengine amenipa, na hapa nimekaa na kalamu muda mrefu kuliko mkate unavyokaa motoni. Anataka kujua kama bega linauma kila siku au linakuja na kuondoka. Kama ukivuta pumzi ndefu linazidi. Na kama linakuja pamoja na yale mambo ya kina mama ya kila mwezi. Nimeandika. Usinilazimishe kurudia.

Anauliza hivyo kwa sababu nilimsimulia jinsi ulivyokuwa ukirudi kutoka shule umejikunja, nami nakufungia bati la mkate wa moto ndani ya taulo ukaliweka tumboni. Nilidhani yalipita ulipokua. Hukuwahi kusema hayakupita.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Niandikie. Na andika zaidi ya mistari mitatu.

Mjomba wako


Tarehe 27 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na samahani. Najua umeenda posta mpaka karani anakujua kwa kikohozi. Barua yako ilinifika kwa wakati wake. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro kama mtu anayeficha chakula. Kwanza salamu: sote wazima, mwenzangu amenunua redio, bosi wa kampuni amepata mtoto, na yule fundi wa kidonge kichungu sasa ananiita bosi kwa sauti ya kawaida. Utajua kwa nini.

Majibu ya maswali yako ni ndiyo, ndiyo na ndiyo.

Linakuja na kuondoka. Linakuja siku moja kabla ya hedhi, linakaa nayo, linaondoka nayo. Nikivuta pumzi ndefu linachoma chini ya mbavu na kupanda mpaka shingoni. Na tumbo, Mjomba, halikupita. Lilikua pamoja nami. Nilijifunza tu kutojikunja mbele za watu. Kuna siku kwenda haja kubwa ni mtihani ambao sitaki kuusimulia kwa mwanamume, hata aliyenilea. Nilishatibiwa vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Nilishapewa dawa za mkojo. Bega lilipoanza mwaka jana nikaambiwa ni kazi yangu, na kwa kuwa kazi yangu ni kweli ya mabega, nikakubali.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimepewa dari. Fundi kiongozi wa kike, halafu nianze kusema kila mwezi nahitaji kulala? Wangesema, "Si tulisema?" Kwa hiyo nilimeza vidonge na kupanda.

Mwezi wa Mei nilipanda kama kawaida. Nilikuwa naosha ua moja la pembeni, pumzi ikakataa. Si kwamba niliishiwa nguvu, ni kwamba kila nikivuta hewa bega linanikata kama wembe. Nikakaa kwenye mbao, nikashika bomba la jukwaa, nikashindwa kuteremka. Aliyepanda kunichukua ni yule fundi wa kidonge kichungu. Alinitangulia ngazi moja moja, mgongo wake chini ya miguu yangu, mpaka tukafika chini. Kisha aliniambia mke wake pia hulala chini ya meza jikoni kila mwezi, na kwamba yeye alidhani ndivyo wanawake walivyoumbwa. Tulikaa pale kwenye ndoo, yeye na mimi, tukashangaa pamoja.

Mwenzangu akasema yametosha. Alininyang'anya viatu vya kazi, akanipeleka kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Daktari ni mama mnene mwenye kicheko, lakini akianza kuuliza hacheki. Aliuliza hedhi ilianza lini, inauma vipi, kama nikienda haja inauma, kama mgongo unauma, kama kuna ndugu mwenye shida kama yangu. Nikajibu yote. Nilipotaja bega, tena kwa bahati tu, maana mwenzangu alinipiga kiwiko, daktari aliweka kalamu chini.

"Maumivu haya mawili, ya tumbo na ya bega," akasema, "uliwahi kumweleza mtu mmoja, siku moja?"

Sikuwahi, Mjomba. Tumbo nililipeleka kwa watu wa tumbo, bega nikalipeleka kwa watu wa mifupa. Hakuna aliyeyaona yamekaa pamoja.

Alinipima kwa mkono, akakuta sehemu za ndani zinauma na zimekaza, hazitembei kama inavyotakiwa. Akanipeleka kupigwa picha ya ultrasaundi. Huko wakaona uvimbe kwenye ovari ya kushoto, mfuko mdogo uliojaa damu ya zamani, nyeusi na nzito. Akasema anashuku ugonjwa unaoitwa endometriosisi. Akanionya kwamba hata picha ingekuwa safi asingeniambia sina kitu, kwa sababu yale madoa madogo picha mara nyingi haiyaoni. Njia ya kuwa na hakika ni kuingiza kamera nyembamba tumboni kupitia matundu madogo, kuangalia kwa macho, kukata kipande na kukipeleka maabara. Nimepangiwa Agosti.

Jina la ugonjwa niliporudi nalo nyumbani lilikuwa zito kulibeba, lakini nililala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimezoea kufikiri mimi ni mwoga wa maumivu.

Sasa zamu yako. Tangu lini mwoka mikate anajua kuuliza kuhusu pumzi ndefu? Huyo mtu wako ni nani?

Mashoto


Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara nyingi, na sehemu ya jukwaa nimeisoma nimekaa. Mfikishie salamu zangu yule fundi. Mkate wake uko kwenye kifurushi, ule mrefu. Usiule wewe.

Umeandika neno hedhi mchana kweupe, nami nikaona basi, na mimi niandike: hedhi. Kalamu haikuvunjika.

Huyo mtu ni yule jirani. Ni nesi mstaafu, amefanya kazi miaka mingi wodi ya wanawake na chumba cha upasuaji. Watu wanamwita Sista. Sikuwa namficha, ila hukuuliza. Anaishi peke yake, huja kununua mkate mzima kila asubuhi, na kama duka halina watu hukaa kidogo kwenye benchi. Kidogo tu.

Nilimwomba anieleze huu ugonjwa unatoka wapi, maana nilitaka kuelewa adui anayekaa ndani ya mtoto wangu. Akaniambia nikae, nami nikakaa na unga wangu mikononi. Anasema ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando, na kila mwezi utando huo hujengeka, kisha hubomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Lakini si yote hutoka kwa mlango wa mbele. Nyingine hurudi nyuma kupitia mirija, ikamwagikia ndani ya tumbo. Nikauliza, kwa hiyo ni uchafu umebaki ndani? Alinitazama mpaka nikajuta. Si uchafu, akasema, na asinisikie nikilitumia neno hilo tena. Hutokea kwa wanawake karibu wote, na kwa wengi mwili husafisha bila mtu kujua. Kwa baadhi, vile vipande hushika, vikaota mizizi kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye utumbo. Kila mwezi homoni zikiuita utando, na vile vipande huitika. Navyo huvuja damu, lakini vilipo hakuna mlango. Damu inakaa, sehemu inavimba na kuwaka moto, linabaki kovu, na makovu hugandisha viungo vilivyotakiwa kuteleza.

Mimi nikambishia. Nikamwambia unga unaruka dukani mwangu kila siku ya Mungu na sijawahi kuona mkate umeota kwenye feni. Akacheka mpaka akafuta miwani. Akasema hapo ndipo hata mabingwa wanapokuna vichwa. Kwa nini kwa mwanamke huyu viote na kwa yule visiote, hawajaafikiana. Wengine wanasema ni kinga ya mwili, wengine ni damu ya ukoo, wengine wanasema kuna vingine huanzia huko huko viliko. Ila wote wanajua si kosa la mtu. Si ulichokula, si ulichobeba.

Na bega? Anasema maji ya tumboni hayatulii, hutembea, na njia yake rahisi ni kupanda upande wa kulia mpaka chini ya mbavu, juu ya ini. Huko vipande vinaweza kushika ule msuli mpana unaotusaidia kupumua. Mshipa wa fahamu wa msuli ule unaanzia shingoni pamoja na mishipa ya begani, ndiyo maana ubongo unadanganyika, unasema bega. Huko si mara nyingi ugonjwa kufika, lakini katika miaka yake aliwahi kuona, ndiyo maana aliuliza ni bega lipi.

Pia anasema si saratani. Aliniambia nikuandikie hilo kwa herufi kubwa, lakini nimeshindwa, herufi zangu zote ni kubwa tayari.

Agosti nitakuja kukaa nawe. Tanuri nitamwachia msaidizi.

Mjomba wako


Tarehe 20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa maelezo, nimemsomea mwenzangu na ya feni tumeicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Fundi amepata mkate wake. Amemwambia mke wake aende hospitali, na wamepata tarehe.

Agosti usije. Ukija utasimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji ukiwauliza manesi kwa sauti ya mashine ya unga. Mwenzangu yupo. Kaa uoke.

Lakini nina swali moja dogo. Sista anaishi peke yake, na ananunua mkate mzima kila siku. Mkate mzima, Mjomba. Anaumalizaje?

Mashoto


Tarehe 1 Agosti

Mashoto,

Marahaba. Ana ndege anaowalisha.

Nakuombea. Niandikie mara tu ukiweza kushika kalamu, kwa mkono wowote.

Mjomba wako


Tarehe 30 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Niko kitandani kwangu, nimeegemea mito miwili, wa pili wa mwenzangu, ambaye analalia koti. Niko salama.

Nilipoamka nilikuwa na matundu manne tumboni, kila moja limefunikwa na plasta ndogo, na kinywa kikavu kama gunia. Daktari alikuja jioni bila kicheko, nikaogopa. Kumbe alikuwa amechoka tu, upasuaji ulichukua muda kuliko alivyotarajia.

Alichokuta ni hiki. Uvimbe wa ovari ulikuwepo, ameutoa, na ovari yenyewe ameiacha. Nyuma ya mfuko wa uzazi utumbo ulikuwa umegandana nao kwa makovu, ameachanisha polepole. Kulikuwa na madoa huku na huko, mengine meusi kama masizi, mengine mekundu, mengine meupe ambayo anasema jicho lisilozoea lingeyapita. Halafu alipandisha kamera mpaka chini ya mbavu za kulia. Pale, kwenye msuli wa kupumulia, alikuta kishada kizima cha madoa. Kwa kuwa mnong'ono wa bega alikuwa ameshausikia, alikuwa amemwomba daktari bingwa mwingine awe karibu, wakasaidiana kuyatoa. "Kama usingetaja bega," akaniambia, "ningefanya kazi nzuri ya chini, nikafunga, ukarudi nyumbani na maumivu yako."

Maabara imejibu juzi. Ni endometriosisi yenyewe, hakuna kingine.

Nimeuliza kila kitu, Mjomba, sijaona haya. Nimeuliza kama nimepona. Akasema hapendi neno hilo kwa ugonjwa huu, kwa sababu unaweza kurudi, lakini ameutoa alioweza kuuona. Amenipa vidonge vya homoni vya kuutuliza utando usijengeke, nivitumie kila siku mpaka nitakapotaka mtoto. Nikauliza, na nikimtaka? Akasema wengine hupata shida na wengi hupata watoto, kwamba hawezi kuniahidi na hataki kunitisha. Nikalia kidogo. Sikulia kwa jibu, nililia kwa kuwa nimeulizwa ninataka nini.

Sasa sikia kichekesho. Mafundi wangu walikuja kunitazama, wanne kwa mstari, wameoga. Kazi imekwenda, dari imekamilika isipokuwa kipande cha katikati, juu ya saa kubwa. Bosi wa kampuni aliwaambia wamalize. Wakamwambia jukwaa la pale lina hitilafu. Kila siku anauliza, kila siku wanampa hitilafu mpya. Nikirudi litapona.

Kuhusu wale ndege. Mjomba, mimi ni mgonjwa, nimeshonwa, nahitaji furaha. Usinidanganye mtu niliyeshonwa.

Mashoto


Tarehe 18 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba na marahaba nyingine akiba. Barua yako tuliisoma pamoja. Ndiyo, "tuliisoma". Sista ndiye aliyesoma kwa sauti, mdomo karibu na sikio langu, na tulipofika kwenye kile kishada chini ya mbavu alivua miwani, akasema, "Vizuri." Alisema mara moja tu. Kisha akaenda kusimama mlangoni akitazama barabara.

Hakuna ndege. Robo ya mkate alikuwa anakula, iliyobaki anawapa watoto wa mpangaji wa juu. Alinunua mzima kwa sababu anayenunua nusu huhudumiwa haraka na kuondoka. Haya aliniambia mwenyewe, mwezi uliopita, kama mtu anayesoma kipimo cha joto.

Mimi nilioa tanuri, unajua. Tanuri halibishi. Nilidhani umri wangu ni wa kutafuta miwani, si mke. Lakini siku ya upasuaji wako nilifungua duka na kuunguza kila nilichogusa. Sista aliingia, akazima moto mwenyewe, akageuza kile kibao cha mlangoni kisemacho pamefungwa, akaketi nami kwenye benchi mpaka mwenzako alipopiga simu. Yeye ndiye aliyepokea, maana mimi ningeambiwa umeamka nikajibu habari za mayai. Alipokata simu alinishika mkono akasema umeamka na umeomba chai. Sikumwachia ule mkono. Nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa tayari nimeunguza kila kitu na sina la kupoteza, kwamba ningependa asirudi kwake.

Aliutazama ukuta mpaka nikadhani sikusikia jibu. Nikamwomba arudie. Akasema, "Sijajibu bado. Nafikiri ukuta upi tuutoboe."

Basi tumetoboa ukuta. Vyumba viwili vimekuwa nyumba moja, na harusi ni mwezi ujao, ndogo, kwenye duka, viti vya kuazima. Sherehe haiwezi kuanza bila wewe. Sista anasema kwa muda uliopita unaweza kusafiri, ila usibebe kizito. Kwa hiyo nimeshapanga: hospitali alikokuwa anafanya kazi watatuazima kiti cha magurudumu, nitakuja nacho stesheni, nikusukume mpaka nyumbani. Nimeshafanya mazoezi nacho mtaani nikiwa nimempakia Sista. Kona inasumbua kidogo.

Hajambo kabisa, anakusalimu. Anauliza bega.

Mjomba wako


Tarehe 3 Oktoba

Mjomba, na Sista, maana najua nani anasoma,

Shikamooni. Mkisoma mstari huu msomeni kwa sauti, mtaa usikie: nimefurahi mpaka nimemkumbatia mwenye nyumba.

Bega. Sista, mwezi huu nilisubiri kama mtu anayesubiri mgeni asiyempenda. Nilichaji simu, nilichemsha maji, niliweka vidonge kando ya mto. Tumbo liliguna kidogo, likanyamaza. Bega nilikuwa nimelisahau, mpaka mwenzangu aliponiuliza, tukakumbuka siku zimepita. Daktari anasema nisishangilie mapema, anataka aone miezi mingine. Nimemwambia nitashangilia mapema na yeye ashangilie baadaye, tugawane kazi.

Jumatatu nilipanda jukwaa. Lilikuwa zima kabisa, kama nilivyotarajia. Walinibebea ndoo, nikamalizia kile kipande juu ya saa taratibu, nikavuta pumzi ndefu pale juu kwa makusudi, moja, halafu nyingine. Hewa iliingia mpaka chini. Yule fundi alikuwa ngazi chini yangu akijifanya anatafuta brashi. Mke wake ametibiwa, anaendelea vizuri, na amemwomba aondoe ile meza jikoni kwa kuwa hataki kuiona.

Mlichofanya ni kutoboa ukuta wa nyumba ya zamani bila kumwita fundi. Najua ulivyo, Mjomba: umeziba kingo kwa unga wa ngano. Mwenzangu anakuja na mwiko wake. Lipu ni yake, rangi ni yangu, na hakuna kati yenu atakayechagua nyeupe.

Treni yetu inafika Ijumaa adhuhuri. Kiti cha magurudumu kirudisheni hospitali kwa mwenye kukihitaji. Njooni na mkokoteni, tuna ndoo sita.

Mpwa wenu,
Mashoto